Fundi, Sijanywa Chai

Kazini walimwita Mkavu, na jina hilo hakulichukia. Alipewa na wakandarasi, wale wajenga maghorofa ambao kila nguzo yao na kila sakafu ilibidi ipite mbele ya macho yake kwanza, ndipo waruhusiwe kupanda juu zaidi. Wakaguzi wenzake walikuwa watu wanaoelewana na dunia. Ukiwapa chai wanakunywa, na mjengo wako unapita hata kama umekaa upande. Yeye alikuwa hanywi. Ukimvuta pembeni na kumwambia, "Mkuu, tuongelee kidogo habari ya chai," alikuangalia juu ya miwani mpaka ukasahau ulitaka kusema nini. Koo kavu lile, wakasema, halipitishi hata tone. Likawa ndilo jina lake, na hata mlinzi wa getini alimsalimia kwa jina hilo bila kuona haya.

Kichekesho ni kwamba chai yenyewe, ile ya majani na maji ya moto, hapakuwa na mtu aliyeipenda kumshinda yeye. Akirudi nyumbani jioni, kabla hajavua viatu, alikwenda moja kwa moja kwenye meza ndogo iliyobanwa kati ya friji na dirisha. Hapo ndipo lilipokaa birika lake la umeme, jeupe, linalong'aa, lenye kitako cheusi na kitaa kidogo chekundu. Alilijaza maji mpaka kwenye alama, hakuzidisha, akalikalisha kwenye kitako, akabonyeza. Mwanzoni kimya. Halafu linaanza kunguruma taratibu, halafu kioo cha dirisha kinaingia ukungu, halafu tak! Kitaa kinazimika chenyewe. Akiisikia hiyo tak mabega yake yalishuka. Alimimina maji juu ya majani, akafunika kikombe kwa kisahani, akasubiri, akachuja, akaongeza maziwa kiasi cha kubadili rangi tu. Kisha akakaa kwenye kiti chake, miguu juu ya kigoda, na kwa muda wa kikombe kimoja hakuna aliyemwomba kitu.

Juu ya kichwa chake paa lilikuwa linavuja. Mkaguzi wa majengo alikuwa mpangaji, chumba na sebule, na mvua ikinyesha aliinuka kupanga ndoo. Alijua hasa paa linavuja wapi na fundi aliiba nini, lakini mwenye nyumba hakuwa mtu wa kukaguliwa.

Zamani chai alikuwa anatengenezewa. Mkewe alikuwa msusi, mwenye saluni ndogo ya viti viwili mwisho wa mtaa, na ingawa alisimama kutwa nzima juu ya vichwa vya watu, jioni hakukosa kumwekea mumewe chai mezani, ya maziwa, iliyokolea, sukari amekoroga mwenyewe. "Pole na kazi, baba watoto." Ndivyo alivyokuwa akisema, na mume akipokea kikombe, siku inakuwa imeisha salama.

Mpaka pale ulipokuja mkasa wa kiwanja. Mkandarasi mmoja alitaka ghala lake lipite, akatoa viwanja vya shukrani kwa wakaguzi wote waliohusika. Wenzake wote walichukua. Mkewe alipelekwa kukiona cha kwao na mke wa mkaguzi mwingine. Akazunguka pale kwenye nyasi, akachagua jiko litakaa upande gani, akarudi nyumbani uso umechanua. Mume akamwambia amekataa, tena amekataa kwa maandishi. Mke hakupiga kelele. Alikwenda jikoni, akarudi na kikombe kimoja tu, chake, akakaa na kuanza kunywa. Mume akauliza yangu iko wapi. "Wewe si hunywi chai?" mkewe akamjibu. "Mji mzima unajua hunywi chai."

Basi, ikawa hivyo. Chakula alipika, nguo alifua, wageni alipokea, watoto walikua wakaondoka kila mmoja na maisha yake, lakini chai kwa mkono wake mume hakuiona tena. Ndipo Mkavu akanunua birika la umeme. Alijiambia ni kwa sababu gesi imepanda bei, na hiyo ilikuwa mojawapo ya mara chache alizojidanganya.

Siku birika lilipokufa, lilikufa bila kuaga. Alibonyeza, kitaa hakikuwaka. Akabadilisha soketi, akaligeuza, akalipigapiga kitakoni, wapi. Asubuhi yake akalipeleka kwa fundi mmoja wa vyombo vya umeme, mwenye kibanda kilichojaa pasi zilizofunguliwa matumbo na feni zisizo na mapanga. Fundi Birika, hivyo ndivyo alivyomhifadhi kwenye simu, kwa maana Mkavu hakuwa na habari na majina ya watu. Alihifadhi mtu kwa kazi yake. Alikuwa na Fundi Bomba, Fundi Viatu, Fundi Kufuli. Alikuwa pia na Fundi Boriti.

Huyo Fundi Boriti kwa kweli alikuwa mkandarasi mkubwa, mwenye gari refu na kofia ngumu nyeupe isiyo na hata doa, na kuitwa fundi aliona ni kutukanwa. Aliingia kwenye simu kwa jina hilo siku Mkavu alipomlazimisha kubomoa boriti aliyoimwaga bila kibali. Sasa alikuwa na jengo jingine, la ghorofa nyingi, na nguzo za chini Mkavu alikuwa ameziwekea alama ya rangi nyekundu zote. Nondo zilikuwa nyembamba kuliko zilivyochorwa. Kazi ilisimama, mafundi wakawa wanacheza karata kwenye kivuli cha mchanga, na Boriti akawa anahesabu hasara.

Fundi Birika, kwa upande wake, alipiga kalenda. "Kesho, mzee." Kesho ikija, "Spea haijafika, mzee." Halafu, "Nimelifungua, nimeliona tatizo, njoo kesho." Wiki nzima Mkavu akawa anachemsha maji kwenye sufuria na kusimama pembeni akiyachungulia, na mkewe anapita nyuma yake na ndoo bila kusema neno. Chai ile ilikuwa na ladha ya vitunguu. Siku ya saba, akiwa kazini, miwani ameiacha juu ya meza ya ramani, uvumilivu ukamwishia. Akafungua simu, akatafuta kati ya mafundi lile jina ambalo bila miwani lilionekana kuanzia na B na kumalizikia na vijiti vijiti, akaandika kwa hasira:

"Fundi, wiki nzima leo sijanywa chai. Umeniahidi weee, naona unanizungusha. Sitaki hadithi tena. Leta nyumbani leo jioni. Kama sipo, mwachie mama."

Akatuma, akajisikia vizuri. Alirudi kwenye ramani zake akiwa na uhakika kwamba safari hii ameeleweka, na kusema kweli alieleweka vizuri sana.

Jioni, akiwa bado ngazini, alisikia harufu ya chai. Si ya sufuria yenye vitunguu. Chai ya maziwa, iliyokolea. Akadhani inatoka kwa jirani. Alipofungua mlango alimkuta mkewe amevaa gauni lake la kutokea, mezani ipo ile chupa ya chai ya wageni, na vikombe viwili.

"Pole na kazi, baba watoto," mkewe akasema. "Kaa."

Mkavu akakaa na viatu vyake miguuni. Mkewe akammiminia, akatia sukari, akakoroga, akampa kwa mikono miwili. Mtu mzima yule machozi yalimlenga. Alitaka kuuliza kumetokea nini, akaogopa kuharibu. Alikunywa. Ilikuwa ileile, haikupungua kitu, kana kwamba miaka yote ile mkono wake haukusahau vipimo. Akajiambia, amenisamehe. Amechoka kuninunia, umri nao umekwenda, amenisamehe. Furaha aliyoisikia ilimpa aibu kidogo, akaificha ndani ya kikombe.

Alipofika nusu, akakumbuka. "Fundi amekuja?"

"Amekuja."

"Hatimaye! Ameleta?"

"Ameleta. Tena mtu wa adabu sana, hata kukaa hakukaa."

"Yule na adabu wapi na wapi? Wiki nzima ananiimbia njoo kesho."

"Basi leo umemtisha." Mkewe alikuwa anamwangalia kwa namna ambayo alikuwa hajaangaliwa siku nyingi. "Mimi nilikuwa sijui kama unajua kutisha watu."

"Nimemwandikia maneno mawili matatu."

"Ndivyo ulivyotakiwa kufanya tangu zamani, mume wangu."

Mume wangu! Mkavu akacheka, akanyoosha miguu. "Umehakikisha lakini kila kitu kiko sawa? Watu hawa wanaweza kukupa kitu nusu nusu."

"Nimehakikisha. Mara mbili."

"Umeweka wapi?"

"Kwenye kopo la majani," mkewe akasema, akacheka kwa kujificha mdomo kama msichana. "Chai si inakaa na chai?"

Mkavu naye akacheka, akawa anajaribu kupata picha ya birika zima ndani ya kopo la majani. Ile picha haikuingia. Kicheko kikamkauka mdomoni. Akainuka, akaenda kwenye meza ndogo kati ya friji na dirisha, kitako cheusi kipo peke yake, akafungua kopo. Ndani kulikuwa na bahasha ya kaki, nene, majani ya chai yameganda kwenye gundi yake.

Hakuuliza ni ya nani. Alitafuta miwani mfukoni, akaivaa, akafungua simu, akasoma ujumbe wake mwenyewe kuanzia juu. Akausoma kwa macho ya mtu aliyepelekewa. Hakukuwa na neno hata moja la kubadilisha. Hata yeye, kama angeletewa karatasi ile kazini na kuulizwa mwandishi ni mtu wa namna gani, angejibu bila kusita kwamba ni mwizi, tena mwizi asiye na subira.

"Nimekosea mtu," akasema. "Nilikuwa namwandikia fundi wa birika. Nilikuwa nataka birika langu."

Mkewe bado alikuwa na tabasamu, ila lilikuwa limebaki limetundikwa tu. "Birika."

"Birika, mama watoto. Sikuomba kitu. Wallahi sikuomba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Unanijua."

"Nakujua," mkewe akasema. Akachukua kile kikombe kilichokuwa kimebaki nusu, akaenda kukimwaga kwenye sinki. Alizungumza akiwa amempa mgongo. "Jioni nzima nimekaa hapa nafurahi kama mjinga. Nikasema, mume wangu ameamka. Ameangalia lile paa, ameangalia miguu yangu inavyovimba, akasema sasa basi, na mimi mke wangu nimtafutie. Sikuijali hata hiyo bahasha, unanielewa? Niliona kwa mara ya kwanza umenichagua mimi. Kumbe ni birika."

Mkavu akafunika kopo la majani. Angetukanwa angejua pa kushika. Lakini kuona mkewe amehuzunika kwa kugundua kwamba mumewe si mla rushwa, hiyo ilikuwa adhabu asiyoijua jina lake, na ilimuuma mpaka akatamani, kwa kitambo kidogo tu, kwamba angekuwa ameomba kweli.

Asubuhi alikwenda na bahasha kwenye jengo. Hapo ndipo alipojimaliza mwenyewe, maana aliingia getini ameishika mkononi, mchana kweupe, mbele ya wachanganya zege, wafunga nondo na mama muuza maji. Hakutaka kuificha kwa sababu hakuwa na cha kuficha. Akili yake ilikwenda moja kwa moja hivyo. Wote walimwona Mkavu na bahasha, na hakuna aliyekuwa na muda wa kungoja amwone akitoka bila bahasha.

Fundi Boriti alikuwa anateremka kwenye gari refu. Alipoiona akashusha uso.

"Haikutosha, mzee? Ungesema tu. Mimi si mtu wa kubishana."

"Ujumbe haukuwa wako. Nilikuwa namwandikia fundi anayetengeneza birika langu la chai."

Boriti akamwangalia msimamizi wake, msimamizi akamwangalia Boriti, wakavunjika mbavu. Boriti alicheka mpaka ile kofia nyeupe ikamteleza. "Birika! Aisee, mzee, wewe ni noma. Wenzako wanasema chai, wewe una birika kabisa! Na mimi ulivyoniita fundi nikajua leo mzee amekasirika kweli, nikakimbia mwenyewe, sikutuma mtu."

"Chukua bahasha yako."

Boriti akaingiza mikono mfukoni. Mkavu akaiweka juu ya mifuko ya saruji, akazunguka nguzo zake moja moja, alama nyekundu zote zikiwa bado mbichi machoni, akasema nondo zibadilishwe au jengo halipandi. Ndipo kicheko kilipokatika. "Kwa hiyo unaomba, unaletewa, halafu unanigeuka?" Boriti akauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli, uchungu wa mtu aliyedhulumiwa. "Hata ninyi wezi mnatakiwa muwe na uaminifu, mzee."

Kabla ya saa ya chakula ule ujumbe wake wa chai ulikuwa umeshafika ofisini, umepita simu hadi simu. Bosi alimwita. Mkavu aliingia amejiandaa kufokewa. Alikuwa amepanga maneno yake, birika, miwani, herufi B. Bosi akanyanyuka, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye kochi la wageni. Pale ofisini kwa bosi nako kulikuwa na birika la umeme, kubwa, jipya. Bosi mwenyewe, si mhudumu, alibonyeza, likanguruma, tak, akamtengenezea mkaguzi wake chai.

"Miaka yote hii," bosi akasema, akikaa karibu naye, "ulikuwa unatuangalia juu ya hiyo miwani kama sisi ni takataka. Watu walikuwa wanatoka kwenye mkutano wameinama. Mimi mwenyewe nikikuona kwenye korido nilikuwa nabadili njia, nakwambia ukweli. Leo nitalala vizuri. Kunywa chai."

"Bosi, ulikuwa ujumbe wa fundi wa birika."

"Ni sawa. Iwe birika, iwe jagi. Pitisha zile nguzo, huu ujumbe unafutika, tunaendelea kama ndugu."

"Nguzo haziwezi kubeba."

"Ndugu yangu, na wewe je, unaweza kubeba?"

Mkavu hakunywa. Kile kikombe kilikaa mbele yake mpaka kikaota ngozi juu. Bosi akasubiri kidogo, akahuzunika, akamwomba aache funguo za kabati la ramani na asubiri nyumbani mpaka uchunguzi ukamilike. Uchunguzi wa namna hiyo kila mtu anajua huwa haukamiliki. Alipotoka, wenzake walikuwa wamesimama kwenye milango yao. Aliwatazamia watageuza nyuso. Badala yake walimpiga piga mabegani, wakamkumbatia, mmoja akamnong'oneza, "Kumbe na wewe unakunywa! Karibu nyumbani." Walikuwa na furaha ya dhati. Hilo ndilo aliloshindwa kulisahau baadaye: kwamba miaka yote wale watu walimpa heshima kama watu wanaolipa kodi, na siku walipodhani amechafuka ndiyo siku walipompenda.

Wiki zikapita, nyumbani akawa mtu wa kukaa. Alikwenda kwa huyu, akaeleza habari ya birika. Alikwenda kwa yule, akaeleza. Mchungaji wa kanisa la mtaani, muuza duka, mlinzi wa getini. Kila aliyesikiliza aliitikia kwa kichwa, na alipoondoka alisikia wanacheka. Mpaka mkewe akamkalisha chini.

"Acha kuzunguka na birika lako mtaani," akamwambia. "Nakuomba."

"Lakini ni kweli. Wewe unajua ni kweli."

"Najua. Lakini wateja wangu wananiuliza, na mimi nimewaambia ulikula."

Mkavu alimkazia macho. "Umewaambia nini?"

"Ulikula, wakakuonea wivu, wakakusimamisha. Hiyo watu wanaielewa. Wananipa pole, wanakaa kitini, wananiachia na chenji. Nikiwaambia hukula, umefukuzwa kwa sababu ya kuomba birika, nitakuwa mke wa nani? Mwizi ana mke. Mjinga ana mke gani?" Alisema bila hasira, kama anayemweleza mteja kwa nini nywele zile hazishiki rangi. "Umekosa kiwanja, umekosa kazi. Niachie basi hata hadithi ya kusimulia."

Alibaki na tumaini moja tu, nalo lilikuwa kwenye kile kibanda cha pasi na feni. Fundi Birika alijua. Birika lilikuwa kwake wiki nzima ile na bado lilikuwa kwake, ahadi alitoa yeye, za njoo kesho njoo kesho. Mtu huyo akisimama mbele ya ofisi na kusema maneno hayo tu, angalau ingeandikwa mahali kwamba Mkavu hakuomba. Kazi hakuitaka tena. Alitaka mtu mmoja, mmoja tu, aseme kwa sauti kile ambacho ni kweli. Akamtumia ujumbe, safari hii amevaa miwani, akimwomba aje nyumbani na birika lake.

Fundi akaja jioni hiyohiyo, mkono mmoja begi la vifaa, mwingine birika limefungwa kwenye gazeti. Mke wa Mkavu alikuwa amekaa mezani anachambua vitana vyake vya kazini. "Lilikuwa swichi tu, mzee," fundi akasema, akilikalisha kwenye kitako. "Kazi ya dakika moja, ila mambo yalinibana." Akalijaza maji, akabonyeza. Kitaa kikawaka. Wakasimama wote wakilisikiliza linavyonguruma. Dirishani, kabla kioo hakijaingia ukungu, lilionekana lile jengo la Boriti limeshapanda ghorofa mbili zaidi juu ya nguzo zilezile.

Tak.

"Fundi," Mkavu akasema, na koo lilikuwa limemkauka kweli. "Nataka twende ofisini kwetu mimi na wewe. Uwaambie tu birika lilikuwa kwako, na mimi nilikuwa nakudai unirudishie. Basi. Usiongeze, usipunguze."

Fundi akatabasamu, tabasamu pana, akamwangalia mke, akarudi kwa mume. "Hilo tu, mzee? Nitasema. Kwa nini nisiseme? Birika lilikuwa kwangu, nakudai, unanidai, tarehe nitazipanga vizuri. Wewe ni mteja wangu, siwezi kukuacha uzame."

"Huna haja ya kupanga. Ndivyo ilivyokuwa."

"Ndiyo, ndiyo, ndivyo ilivyokuwa!" Fundi akakonyeza jicho. "Tena nakuvulia kofia. Nani angefikiria birika? Lakini sikiliza, mzee wangu, hapa tuko wenyewe. Mtu akitaka birika lake anaandika, leta birika langu. Haandiki sijanywa chai, mwachie mama." Akapunguza sauti, kwa upole kabisa. "Usione aibu. Sisi huku mtaani tulifurahi. Tulikuwa tunakuogopa bure, kumbe ni mwenzetu."

Mkavu alimgeukia mkewe. Mkewe alikuwa ameacha vitana, anamtazama, macho yake yanamwomba anyamaze. Mvuke ulikuwa unatoka kwenye mdomo wa birika. Mgeni amesimama, maji yamechemka, na mdomo wa Mkavu, uliozoea adabu maisha yake yote, ukasema wenyewe:

"Haya, fundi, karibu chai."

Fundi akakodoa macho. Halafu fundi akapasuka. Alicheka akashika fremu ya mlango, akaliachia begi likaanguka, akawa anarudia, "Karibu chai! Mzee anasema karibu chai!" Na mkewe naye akacheka. Alijaribu kujizuia, akaziba mdomo, kikamshinda, kicheko kile cha zamani, cha msichana, ambacho Mkavu aliwahi kuoa kwa ajili yake. Ni kitu alichokuwa amekikosa zaidi ya chai.

Na Mkavu akacheka. Kilianza kama kikohozi, halafu kikawa kicheko kamili, cha mtu aliyekamatwa na hana tena cha kukana. Fundi akampigapiga mgongoni. "Unaona? Unaona?" akasema. "Ukikubali moyo unakuwa mwepesi." Akaokota begi lake, akaenda zake anacheka ngazini, na kabla hajafika chini hadithi ilikuwa imeshatimia.

Mkewe akajipangusa macho. Akainuka, akamshika mumewe bega, akamsukuma taratibu mpaka kitini.

"Kaa, baba watoto," akasema. "Nitakutengenezea mimi."

Akamimina maji juu ya majani, akafunika kwa kisahani, akachuja, akatia maziwa, akatia sukari, akakoroga, akampa kwa mikono miwili. Mkavu akapokea. Ilikuwa tamu, akainywa yote.